Nakala ya Kumi na Saba

3 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Usianze kuniuliza kama ninakula, ninakula. Usiniulize kama nimepata mchumba, sijapata, na yule wa mashine ya kukatia karatasi ambaye ulisikia habari zake ana mke na watoto. Sasa nikupe la maana.

Nimependa historia. Haya, cheka, umalize. Mimi niliyekuwa nachora samaki kwenye daftari la historia, mimi ambaye mwalimu alikuja kunishtaki nyumbani kwamba nalala darasani macho wazi. Ni kwa sababu ya mzee mmoja anayechapisha vitabu vyake hapa kwetu, kwenye duka la uchapaji. Tunamwita Mzee Rula kwa kuwa hatembei bila rula mfukoni. Alikuwa karani wa upimaji ardhi kabla hajastaafu. Sasa anaandika habari za mji huu, kitabu kimoja kila baada ya miezi michache. Hana kampuni nyuma yake. Anaandika mwenyewe, anapiga taipu mwenyewe kwa vidole viwili, tunamchapia nakala hamsini, kisha anazigawa mwenyewe kwa baiskeli.

Unaijua kazi yangu, kukunja na kushona. Karatasi kubwa ikitoka mashinini ina kurasa nane kila upande na hazikufuatana. Ukurasa wa kwanza umelala ubavuni mwa wa kumi na sita. Kwa hiyo nilianza kumsoma Mzee Rula kwa kurukaruka: mtu anazikwa, halafu anaoa, halafu ndiyo anazaliwa. Nilikuwa nakunja kitabu cha kiwanda cha sabuni nikaona wanawake wa zamu ya asubuhi wamejifungia ndani na meneja analia nje mlangoni, na ukurasa ukaishia hapo. Nikaacha kukunja. Bosi alinikuta nimekaa sakafuni natafuta ukurasa wa kumi na mbili.

Sasa sipiti njia kwa amani. Pale ninaponunua vocha palikuwa mazizi ya farasi wa posta! Mbona hukuwahi kuniambia lolote, na wewe umekaa mji huu miaka yote ile kabla ya kuhama? Nakutumia vitabu viwili, cha sabuni na kipya cha bwawa, mwaka ule wa mafuriko. Nyuma ya kila kitabu Mzee Rula anaacha kurasa nne tupu, juu ameandika "Nimekosea wapi?" na anwani yake. Msomaji anaandika masahihisho, anamrudishia kitabu, naye anampa kingine. Wewe ulikuwa opereta kwenye kituo cha simu siku za mafuriko. Lazima una la kumsahihisha.

Mpwa wako,
Chiriku


14 Februari

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Nimefurahi kwamba kitu kimekutoa usingizini, japo kimechelewa miaka kumi na mwalimu wako keshazeeka.

Kitabu cha sabuni nimekipata na nimekisoma jioni mbili. Anaandika vizuri huyo mzee wako, ingawa meneja hakulia. Alikuwa na macho mabovu, yalikuwa yanamtoka machozi mwaka mzima. Kile cha bwawa hakijafika. Posta ya huku unaijua, labda kimeishia mikononi mwa mtu. Usinitumie kingine.

Kuhusu mafuriko, mimi sina la kusema. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na tatu, nilikaa mbele ya ubao wa simu, nikachomeka waya na kuchomoa waya. Opereta hasikilizi, mwanangu. Ukisikiliza unakosea kuunganisha. Watu sitini na moja walikufa, mtunza lango la bwawa alifungwa kwa ulevi kazini, akafia gerezani, na hiyo ndiyo habari yenyewe. Haina haja ya kuchokonolewa na msichana wa kushona vitabu.

Soma ya sabuni. Soma ya farasi. Vaa sweta, hicho chumba chenu cha kazi nakumbuka kina ubaridi.

Shangazi yako


2 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Keti kwanza ndipo usome.

Mtu amesahihisha kitabu cha bwawa! Mzee Rula alikuja dukani jana hata baiskeli hakuiegesha, aliitupa. Kitabu kimerudi kwa posta, hakina jina, lakini kwenye zile kurasa tupu kuna maneno haya, nimeyanakili kutoka kwenye karatasi aliyoyanukuu Mzee Rula, maana kitabu chenyewe amekiacha kwake:

"Ukurasa wa 31. Mtunza lango hakuwa amelewa. Saa tisa na dakika arobaini alasiri alipigiwa simu na Mhandisi Mkuu wa maji, akaamriwa afungue milango yote mitatu. Aliuliza mara mbili kama watu wa bondeni wameshaambiwa wahame. Alijibiwa mara mbili kwamba wameambiwa."

Shangazi, aliuliza mara mbili! Mzee Rula alilia waziwazi mbele yetu. Unajua, kuna fundi cherehani chumba cha pili kutoka kwetu, mama wa makamo, mkimya, ndiye aliyenishonea sketi ya bluu. Ni binti wa yule mtunza lango. Maisha yake yote anaitwa binti wa mlevi, hata watoto wanajua. Mzee Rula ana desturi ya kubandika masahihisho kwenye dirisha la duka letu, chini yake anauliza, "Nani mwingine anajua?" Alipobandika haya, fundi alitoka na utepe wa kupimia bado uko shingoni, akasoma, akarudi ndani. Baada ya kidogo akatoka akasoma tena. Siku nzima alikuwa akitoka.

Ila tangu saa nane kuna gari jeupe limesimama ng'ambo ya barabara, na aliyemo hashuki. Bosi anasema anamsubiri mtu.

Mzee Rula hajui kitabu kilirudishwa na nani, lakini mimi nitajua. Kila nakala naipa namba kwa penseli ndani ya mshono, mahali msomaji haoni, na nina daftari langu la nakala ipi ilikwenda kwa nani. Nililianza kwa kupenda tu, nikijiona mwanahistoria. Akiniletea kitabu chenyewe nitafunua mshono nitazame.

Chiriku wako


9 Machi

Mwanangu,

Usiitazame hiyo namba.

Mwambie huyo mzee abandue karatasi yake leo, kabla hujamaliza kusoma barua hii. Mtu asiye na jina ni wa kuaminiwa? Labda ni mwendawazimu, labda ni mtu mwenye kisa chake na yule Mhandisi. Wewe hujui Mhandisi ni nani. Sasa ni mzee, ndiyo, lakini mwanawe ana ofisi kubwa na watu wa kutuma, na watu wa namna hiyo hawafi wakasahauliwa, wanataka kufa wakisifiwa.

Na hilo daftari lako, nani anajua kwamba lipo? Bosi wako anajua? Nijibu hilo tu. Sijalala vizuri tangu nipate barua yako.

Vitabu ni vitabu, mwanangu. Vitafunikwa na vumbi, na wewe bado unahitaji kutembea kwenye mitaa hiyo.

Shangazi yako


13 Machi

Shangazi,

Dirisha la duka limevunjwa. Tulikuta hivyo asubuhi, vioo hadi kwenye meza yangu, na karatasi ya Mzee Rula haipo. Halafu adhuhuri yeye mwenyewe akaja, uso umemshuka. Watu wawili walikwenda kwake wakachukua vitabu vyote vya bwawa vilivyobaki, kwa adabu kabisa, wakamwachia hata risiti. Kilichopona ni kile kilichorudishwa, kwa sababu alikuwa amekikalia kitini. Akanipa nikifiche kwenye rundo la karatasi mbovu, maana hakuna anayepekua takataka za wachapaji.

Nilikifungua, Shangazi. Sikuhitaji hata kufunua mshono. Nimesoma mwandiko huo tangu nilipokuwa bwenini, ile herufi k yako inayopiga teke, ile tatu yako yenye kichwa bapa. Hata hivyo nilifunua. Kumi na saba. Kwenye daftari langu nimeandika kwa mbwembwe kabisa: "17, Shangazi, kwa posta", na anwani yako yote chini yake.

Kwa hiyo kitabu kilifika. Na opereta alisikiliza.

Sijui nikukasirikie au nikubebe mgongoni. Sasa hivi naogopa tu, nimekwenda msalani mara tatu tangu niamke. Bwana mmoja mwenye bahasha alikuja kuuliza kama vitabu vile vina orodha ya waliopewa. Bosi, kwa kiherehere chake, akajibu, "Huyo binti wa kushona ana daftari lake, anaandika kila kitu." Akanionyesha kwa kidole. Nikasema liko nyumbani. Bwana akatabasamu, akasema atarudi Jumatatu.

Lilikuwa mbele yake mezani, chini ya mkebe wa gundi.

Niambie la kufanya.

Chiriku


16 Machi

Mwanangu,

Choma. Daftari na kitabu, vyote viwili. Barua hizi pia.

Ni kweli, niliunganisha simu ile. Opereta akiunganisha husubiri kidogo waya mkononi ahakikishe wanasikizana, na mimi nilisubiri zaidi ya kidogo kwa sababu sauti ya mtunza lango ilikuwa na wasiwasi. Nikasikia yale niliyoandika. Jioni maji yakashuka bondeni watu wakiwa wanapika. Mhandisi akasema mlevi alifungua mwenyewe. Mbele ya hakimu nikala kiapo, nikasema siku ile sikuunganisha simu yoyote kwenda bwawani. Walinitisha, mwanangu. Ningefanya nini?

Kitabu chako kilipofika nilitaka kukitia motoni. Lakini ukurasa wa thelathini na moja huyo mzee wako ameandika, "Opereta wa zamu alithibitisha kwamba hakukuwa na simu." Miaka thelathini na minne nilidhani uongo wangu ulikufa na yule mtu. Kumbe umepigwa chapa, na umeshonwa na wewe. Nikachukua kalamu. Nilijiambia bila jina hakuna dhara. Sikujua habari za namba.

Watakuja huku, Chiriku. Nilitoa ushahidi wa uongo kwa kiapo, na mtu akafa. Wananijua ni nani na sasa watajua niko wapi. Kila pikipiki ikipita nasimama nyuma ya mlango. Choma, nakuomba.

Shangazi yako


20 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Tulia sasa, yamekwisha kwa upande wako.

Sikuchoma daftari. Kulichoma kungewaambia kwamba kuna mtu wa kufichwa. Nilikata uzi, nikatoa karatasi yenye anwani yako, nikapachika nyingine ya rangi ileile, nikanakili majina yote upya kwa kalamu ileile, nikashona kupitia matundu yaleyale. Ni kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya, ingawa nilijichoma sindano. Sasa inasomeka: "17, nakala yangu mwenyewe."

Jumatatu bwana wa bahasha akaja. Akauliza ni nakala ipi iliyorudi na masahihisho, nikamwambia kumi na saba ili asiwasumbue wengine. Akaipata, akaninyanyulia macho. "Nani aliandika kwenye nakala hii?"

"Mimi," nikasema.

"Wewe una umri gani?"

"Ishirini na sita."

Alicheka, Shangazi. Alicheka kwa raha kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana. Akaniuliza niliyatoa wapi, nikasema niliyasikiasikia mitaani nikayaunga. Kitabu nikamwambia nimekitupa. Kesho kutwa, Alhamisi saa nne, natakiwa ofisi ya mwanasheria wao nikasaini karatasi kwamba nilitunga na naomba radhi. Nikisaini, basi, yameisha. Nisiposaini ni mahakamani, na duka la Bosi pia.

Mzee Rula amesikia kwamba nimekubali. Sikumwambia ukweli. Ameitoa rula mfukoni, akaipangusa, akairudisha, akaondoka bila kuchukua baiskeli yake.

Fundi cherehani alikuja mwenyewe hadi mezani kwangu. Ni mara ya kwanza. Akauliza kwa sauti ndogo, "Ulitunga?" Nikasema ndiyo. Akaniambia, "Hata ile ya kuuliza mara mbili?" Nikasema hata hiyo. Akasema, "Ahsante kwa kunijibu." Tangu hapo siwezi kupita mbele ya mlango wake, nazungukia uani kwenye mapipa.

Kitabu chenyewe sijakichoma. Nilikwenda nacho hadi kwenye moto wa takataka nikarudi nacho. Siwezi, usinilazimishe. Lakini hakuna atakayekipata. Barua hii nimempa dereva wa basi ili uipate leo leo ulale. Wewe usije huku kwa hali yoyote.

Mpwa wako anayekupenda,
Chiriku


21 Machi, stendi ya mabasi, asubuhi

Mwanangu,

Dereva yuleyule anakuletea hii mkononi. Basi lake limejaa hadi mlangoni na wamenikatalia kupanda. Nitapanda la saa sita. Kwa hiyo barua inanitangulia. Nikichelewa, wewe usisaini. Hata wakikupa kiti na chai, usisaini.

Nilikudanganya katika barua iliyopita. Nilisema walinitisha. Hakuna aliyenitisha, Chiriku. Sijawahi kumwambia mtu.

Kila simu ya mbali tulikuwa tunaiandika kwenye kikaratasi: saa, nani anapiga, nani anapigiwa. Siku ya pili baada ya mafuriko, miili bado inatafutwa, nilikutana na Mhandisi kwenye ngazi. Akanisalimia vizuri, akamuulizia kaka yangu, baba yako, aliyekuwa anatafuta kazi kwake. Basi. Hakusema jingine. Nikapanda juu, nikakitafuta kikaratasi kwenye faili, nikakichana vipande vidogo, nikavitafuna. Hakuna aliyeniagiza. Niliogopa kabla ya kutishwa, na baadaye kutishwa kwenyewe hakukuhitajika tena.

Kizimbani yule mtunza lango hakunitukana. Alidhani nimesahau kweli, akajaribu kunikumbusha. Akasema mbele ya hakimu, "Dada, si ulisema subiri, nakuunganisha?" Kwa upole, kama mtu anayemsaidia mtoto na hesabu. Hakimu akanigeukia. Nikasema sikumbuki.

Nimesoma barua yako hapa kwenye benchi mara nne. Unadhani umeniokoa. Mwanangu, umetoa karatasi ya kweli umetia ya uongo, kwa kuogopa, kabla mtu hajakushika hata mkono. Ndicho nilichofanya mimi. Mimi nilijiokoa mwenyewe na wewe umeniokoa mimi, lakini kwa yule mama wa cherehani ni kitu kimoja. Baba yake jana alikuwa mtu aliyeuliza mara mbili, na leo amerudi kuwa mlevi. Msichana wa miaka ishirini na sita hawezi kuwa amesikia simu ile. Ndiyo maana yule bwana wa bahasha alicheka.

Mimi nilisikia. Niko hai, nina akili zangu, na kitabu chenye mwandiko wangu bado kipo. Nashukuru kwamba hukunitii.

Sikufichi, naogopa. Nimekaa na mkoba mapajani kama mtu anayepelekwa hospitali. Wanaweza kunifunga, na kwa haki. Wanaweza kufanya mengine pia, sijui, nimejaribu kutoyafikiria nikashindwa. Mara mbili nimesimama nikaelekea nyumbani, mara mbili nimerudi kwenye benchi.

Nitafika kama saa kumi na moja. Usinipeleke kwako kwanza, wala kwa huyo mwanasheria. Huyo ni wa kesho, na Mzee Rula atatusindikiza akitaka. Nipeleke moja kwa moja kwa fundi cherehani, kabla sijakaa, kabla sijanywa maji. Na ukae karibu yangu, unishike, maana nikimwona uso naweza kusema tena kwamba sikumbuki.

Shangazi yako